Ukikatwa kope Dar, usikimbilie treni ya Kigoma

Mkazi wa Kigoma anayetaka kupunguzwa ngozi ya kope kwa ajili ya urembo, kwa kawaida atasafiri. Mwenye uwezo wa kawaida anakwenda Dar es Salaam. Mwenye nazo, dalali wa matibabu atamshawishi aende India au Uturuki. Kabla hajaondoka atakuwa ameulizia sana, na maswali yake, yawe ya saluni pale Mwanga au ya kundi la WhatsApp la kina mama wa Ujiji, yatazunguka mambo mawili: bei, na picha za kabla na baada. Atalala wapi usiku wa siku atakayofanyiwa, na nani atamwangalia jicho likianza kuuma saa tano usiku, hayo hayaulizwi. Kwa mtu ambaye kwake ni zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar kwa njia ya reli, naona hilo ndilo la kuulizwa kwanza, bei ifuate.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na urembo. Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba Mungu hakukosea. Hao hao wametoboa masikio, wameziba pengo kwa jino la bandia, na mvi zikichungulia wanatafuta piko. Mtu mzima mwenye akili zake na fedha yake ana haki juu ya uso wake. Ninachotaka ni ajue ananunua nini, na kipi hajauziwa.

Upasuaji wenyewe ni mdogo. Kope za juu huchukua saa moja hivi, mara nyingi kwa ganzi ya sindano tu, mgonjwa akiwa macho na anaongea. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kisu. Daktari anamkalisha mgonjwa wima, kwa sababu akilala ngozi huteleza na kujipanga vingine, kisha anachora kwa kalamu mstari unaofuata mkunjo wa kope. Anachukua koleo ndogo isiyo na meno, anaibana taratibu ngozi iliyozidi, huku akiziangalia nywele za kope. Zikianza tu kuinuka, hapo ndipo kikomo. Akibana zaidi ya hapo, jicho lililofumbwa linaanza kufunguka lenyewe. Anachora mstari wa pili, anapima kwa rula, anahamia jicho la pili na kupima tena. Kanuni wanayofundishwa ni kwamba kati ya ukingo wa chini wa nyusi na mzizi wa nywele za kope ibaki ngozi ya milimita 20 hivi. Milimita mbili tatu za tamaa zinatosha kumpa mtu jicho lisilofumba.

Ngozi iliyochorwa inakatwa, pengine pamoja na utepe mwembamba wa msuli na mafuta kidogo yaliyojitokeza upande wa pua. Kidonda kinashonwa kwa uzi mwembamba palepale kwenye mkunjo ili kovu lijifiche. Nyuzi hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Uvimbe na weusi wa damu iliyovilia hupungua sana kufikia wiki ya pili, ila sura ya mwisho huchukua miezi. Anayepiga picha siku ya nne na kuituma kwa mashoga anajitafutia presha bure.

Wengi wetu huogopa makovu yanayoota na kuvimba, na kwa ngozi zetu hofu hiyo ina msingi. Lakini kwenye kope makovu ya namna hiyo ni nadra sana, pengine kwa sababu ngozi ya hapo ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini. Aliyewahi kuota kovu sikioni au kifuani amwambie daktari hata hivyo.

Kope za chini ni habari nyingine. Kinachosumbua huko mara nyingi ni vifuko vya mafuta, na daktari anaweza kuvifikia kwa kukata upande wa ndani wa kope, nje pasibaki alama. Akipitia nje na kukata ngozi kupita kiasi, kope huvutwa chini, weupe wa jicho ukaonekana kuliko inavyopaswa na machozi yakawa yanamwagika shavuni. Weusi wa chini ya macho haukatwi kabisa, kwa sababu ni rangi ya ngozi, au kivuli, au mishipa inayoonekana kupitia ngozi nyembamba. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini anayevitaka havikosi. Krimu zenye steroidi zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huila ngozi ikawa nyembamba zaidi, na zinaweza kupandisha presha ya macho hadi mtu akapoteza uwezo wa kuona bila kuumwa popote. Na sindano za kujaza mashimo usoni, zinazotangazwa kana kwamba ni kusuka nywele, dawa yake ikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na jicho au pua huweza kupofusha papo hapo. Kwa sindano hizo za saluni sina la kuongeza zaidi ya kusema usikubali.

Nani basi anaufaa upasuaji wa kope ya juu? Kwa kawaida ni mtu aliyevuka miaka 40, ngozi imelegea hadi inakalia nywele za kope. Jua linachangia, na sisi tunalo: anayeshinda ziwani anapigwa na jua la juu na lile linaloakisiwa na maji. Binti wa miaka 23 hana ngozi ya kukata. Akiamka amevimba macho, aangalie kwanza usingizi, chumvi, mzio, gundi ya kope za bandia alizobandika juzi, na kama alilia.

Hapa kuna jambo linalonichekesha. Katika lugha ya mapenzi ya Kiswahili, jicho lililolegea ndilo lililosifiwa. Mrembo hurembua, macho yake malegevu utadhani kala kungu, na wanja ulipakwa ili kuukoleza ulegevu huo. Leo mjukuu wa mrembo huyo anaambiwa na simu yake kwamba macho yake yamechoka na yanahitaji kisu. Baadhi ya video zinazomfikia zinatoka Mashariki ya Mbali, ambako watu wengi huzaliwa bila mkunjo kwenye kope ya juu, na upasuaji wa kuutengeneza una historia ndefu: daktari wa Kijapani, Mikamo, aliueleza mwaka 1896. Wengi wetu tumezaliwa na mkunjo huo. Kwa hiyo anachokitazama binti wa Gungu au Katubuka ni tiba ya jambo ambalo hana. Biashara nayo ni kubwa. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, kilikadiria kuwa mwaka 2024 kope zilikatwa zaidi ya mara milioni 2.1 duniani, zikashika nafasi ya kwanza na kuupita upasuaji wa kunyonya mafuta. Matangazo hayo yatazidi kutufikia, tutake tusitake.

Kisu cha kope, hata hivyo, kilianza kwa ajili ya kuona. Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad wa karne ya 10 na 11, alieleza namna ya kuibana ngozi iliyozidi katikati ya vijiti viwili hadi ikafa na kudondoka yenyewe. Jina ambalo madaktari wanauita upasuaji huu hadi leo, blefaroplasti, lilitokana na Mjerumani Karl Ferdinand von Gräfe mwaka 1818, na yeye alikuwa akijenga upya kope zilizoharibiwa na saratani. Nayakumbusha haya kwa sababu wapo wazee wengi mkoani kwetu wanaouhitaji upasuaji huu kuliko yeyote wa Instagram, na hawajui kama upo.

Unamjua mzee huyo. Ukimsalimia anainua kidevu ili akuone. Paji lake la uso lina mikunjo mirefu kwa sababu kutwa anazivuta nyusi juu ili macho yapate kufunguka. Akisoma, kidole kimoja kinashikilia kope. Nyumbani wanasema ni uzee. Katika kliniki ya macho anaweza kufanyiwa kipimo kisicho na gharama ya maana: anapimwa anaona hadi wapi kwa juu, kisha muuguzi anamwambia, "Babu, tulia kidogo," anazipandisha kope kwa plasta nyembamba, anapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ikiwa kubwa, habari imeshatoka kwenye urembo ikaingia kwenye tiba. Bima kwa kawaida hukwepa kulipia urembo, kwa hiyo mwenye kadi aombe vipimo hivyo viandikwe kwenye faili kama vilivyo.

Kope kushuka pia kuna aina zake, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu fedha. Kuna ngozi kuzidi. Kuna msuli unaoinua kope kulegea, ambapo ukingo wenyewe wa kope unashuka na kufunika mboni hata kama ngozi ni ya kawaida. Kuna nyusi kushuka na kuisukuma ngozi chini. Ukiinua nyusi kwa kidole mbele ya kioo na tatizo likapotea, basi kope haina kosa. Kila moja ina upasuaji wake. Anayekata ngozi kwa mtu ambaye msuli ndio umelegea anamrudisha nyumbani na kovu jipya na tatizo lilelile.

Zaidi ya hapo, kope inaweza kuwa inaeleza ugonjwa mwingine kabisa. Ikishuka ghafla upande mmoja na kichwa kinauma vibaya, mtu akaanza kuona vitu viwili viwili au mboni moja ikatanuka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa mshipa wa damu wa ubongo unaweza kuwa umevimba na unataka kupasuka. Kisukari nacho huweza kuangusha kope. Kope zinazokuwa nzima asubuhi na kulegea kadiri siku inavyokwenda huashiria maradhi ya misuli yanayotibika kwa vidonge. Macho yaliyotokeza na kope zilizovimba yanaweza kutoka kwenye tezi ya shingo. Madoa ya njano kwenye kope hukatwa kirahisi, lakini mwenye nayo apime kwanza mafuta kwenye damu. Uvimbe usiopona ukingoni mwa kope uchunguzwe saratani, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Ndiyo maana nasema safari ya kope ianzie Maweni, kwenye hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, hata kwa aliyekwisha kuamua kwenda Dar. Ni daladala ya mjini tu.

Watoto nisiwapite. Mtoto aliyezaliwa na kope moja imefunika mboni anahitaji daktari wa macho mapema, kwa kuwa ubongo unaozoea kutolitumia jicho hilo utalisahau moja kwa moja, na baadaye hata kope ikiinuliwa jicho halitaona vizuri. "Atakua litafunguka" ni maneno ya kumfariji mama. Na chale za mganga kwenye kope ya mtoto zinaongeza kovu tu.

Sasa turudi kwa msafiri wetu. Mafuta ya kwenye kope yameungana na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Mshipa mdogo ukivutwa wakati wa upasuaji, unaweza kurudi ndani na kuendelea kuvuja baada ya ngozi kushonwa. Jicho limekaa kwenye shimo la mfupa, halina pa kupanukia. Damu ikijikusanya nyuma yake, shinikizo linapanda na kuukaba mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Dalili zake mtu hawezi kuzikosa akiambiwa: maumivu makali yanayoongezeka badala ya kupungua, kope kuwa ngumu, jicho kutokeza, uono kufifia. Tiba yake ni ya haraka na haina ufahari: nyuzi zinakatwa kidonda kikafunguliwa, na ikibidi kano ya kona ya nje ya jicho inakatwa ili jicho lipate nafasi ya kusogea mbele. Muda uliopo ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Ukipita huo, uwezekano wa kuokoa uono unapungua sana.

Jambo hili ni nadra, na sitaki kumtisha mtu kwa nadra. Takwimu inayonukuliwa zaidi ilitokana na dodoso la madaktari lililochapishwa mwaka 2004: damu kuvuja nyuma ya jicho, mmoja kati ya 2,000 hivi, kupoteza uono moja kwa moja, mmoja kati ya 22,000 hivi. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Kwa kila kumi au kumi na mmoja waliovuja damu, mmoja tu ndiye aliyepofuka. Wengine damu ilikuwa kidogo, ni kweli, lakini wengine waliokolewa na mtu aliyekuwa karibu mwenye mkasi na anayejua la kufanya. Namba ile ya 22,000 ina ukaribu ndani yake. Ni namba ya watu ambao wengi wao, naamini, walilala mji mmoja na daktari wao. Ukiitumia kumtuliza mtu ambaye usiku huo atakuwa behewani kati ya Kaliua na Uvinza, umemdanganya bila kutaja uongo wowote.

Na safari yenyewe ni mkusanyiko wa yale yote anayokatazwa. Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, ingawa imewahi kutokea hata siku kadhaa baadaye. Mgonjwa anaambiwa asiiname, asibebe kizito, asijikamue chooni, asikohoe ovyo, alaze kichwa juu kwenye mito miwili, aweke kitambaa cha baridi kila baada ya muda. Nani anafanya hayo kwenye basi? Kuna matuta, kuna begi la kushusha, kuna mtoto wa jirani aliyekulalia begani, kuna chakula cha njiani kilichokuvuruga tumbo hadi ukatapika. Kichwa kikiuma, muuza dawa wa stendi anakupa diklofenaki au aspirini, na hizo ndizo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Aspirini na jamii yake zinatakiwa kusimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, kwa ruhusa ya daktari aliyeziandika, maana mwenye moyo au aliyewahi kupata kiharusi haziachi kienyeji. Presha nayo iwe imeshuka kabla ya kisu. Wapandao ndege wako nafuu kwa muda wa safari, ila wakishatua Kigoma wako mbali na aliyewashona sawasawa na wa treni.

Hebu tulinganishe na kope nyingine, zile za vikope. Kongwa na sehemu nyingine za katikati ya nchi zinaujua ugonjwa huo vizuri: maambukizi ya tangu utotoni yanaikunja kope, nywele zinageukia ndani na kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kila mtu anapopepesa, hadi upofu. Upasuaji wa kuigeuza kope hiyo hufanywa vijijini, pengine darasani au zahanati, na wahudumu waliofundishwa kazi hiyo, bure. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mgonjwa aangaliwe kesho yake, aangaliwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Bibi wa kijijini asiyelipa senti amepangiwa mara tatu za kutazamwa. Mteja aliyelipa mamilioni anapewa bahasha ya vidonge, namba ya simu ya mapokezi, na anaitiwa bodaboda. Sielewi kwa nini tumekubali mpangilio huu.

Hatari nyingine huja polepole, na kwa hii umbali unaumiza pia. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halifumbi vizuri usiku. Waliokulia karibu na makazi ya wagonjwa wa ukoma wamewahi kuona macho ya namna hiyo, kope zimeshindwa kukutana, konea imekauka na kupata vidonda. Wiki za mwanzo kutofumba kidogo ni kawaida kwa sababu ya uvimbe, na dawa ya mafuta ya macho hutosha. Ikiendelea, inahitaji mtu anayejua lini kusubiri na lini kurekebisha. Mgonjwa aliyerudi nyumbani Julai, vumbi la kiangazi likiwa limetanda na upepo wa ziwa ukivuma mchana kutwa, ataona kana kwamba ana mchanga machoni na atapiga simu Dar. Ataambiwa atume picha. Picha haioneshi ukavu wa konea. Kwa hiyo mwenye macho makavu tangu hapo ajulikane kabla ya kisu. Kuna kipande cha karatasi kinachowekwa kwenye kope dakika tano kupima machozi. Na swali rahisi kuliko kipimo hicho ni kumuuliza unayelala naye kama huwa unalala macho wazi.

Ningekuwa namshauri dada yangu aliyeamua, ningemwambia agawanye fedha zake vingine. Atenge kwanza za kukaa Dar siku saba hadi kumi, yeye na mtu mmoja wa kumwangalia, karibu na hospitali, nyuzi zitolewe huko huko na aliyezishona azione. Kilichobaki ndicho cha upasuaji. Kikiwa hakitoshi, asubiri, maana kope haziozi. Jina la daktari aliulizie Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ndilo linalowasajili, na amuulize mwenyewe ni bingwa wa nini, wa macho au wa upasuaji rekebishi, na kope ngapi amekata mwaka uliopita. Amuulize akipata shida usiku, anampigia nani na anapokelewa wapi. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Dalali ndiye hukasirika, kwa kuwa analipwa mgonjwa anapoingia, na kilichotokea baadaye hakimo kwenye kamisheni yake.

Kisha aondoke na maandishi: kilichokatwa ni nini, kiasi gani, nyuzi za aina gani, dawa zipi. Maandishi hayo ayapeleke kliniki ya macho ya Maweni ndani ya siku mbili za kurejea, hata kama hana tatizo. Najua wengine wataona haya kumwonyesha muuguzi wa nyumbani kwamba walikwenda kutafuta urembo, wakihofia maneno mtaani. Faili la hospitali ni siri kisheria, na muuguzi wa macho ameshaona makubwa kuliko hayo.

Kwa wanaopanga huduma za mkoa nina ombi moja linalotokana na hesabu hiyo hiyo. Kambi za madaktari bingwa zinazopita mikoani zimesaidia wengi, lakini kwa kope zinaweza kurudia kosa lile lile kwa kinyume: mgonjwa anabaki, daktari ndiye anayesafiri. Kambi ya siku tano ikija na mtaalamu wa kope kwa ajili ya wazee wale wanaoinua kidevu, upasuaji ufanyike siku mbili za mwanzo, zilizobaki ziwe za kuwaangalia waliokatwa, asikatwe mtu siku ya kufungasha mizigo. Na wauguzi wa macho na matabibu wa dharura wa hapa wawe chumbani tangu mwanzo, wafundishwe kufungua nyuzi na kukata kano ya kona ya jicho. Watauhitaji ujuzi huo hata kambi ikishaondoka, kwa sababu aliyeanguka na bodaboda Mwanga au aliyepigwa ngumi Kibirizi naye huvuja damu nyuma ya jicho, na muda wake ni ule ule. Vifaa vyake ni ganzi, koleo na mkasi, ambavyo chumba cha upasuaji mdogo hakivikosi.